Sabuni Kwanza, Kisha Mkono Mwepesi

Popote mlipo Karagwe na Kyerwa, kuanzia hapa Omurushaka hadi Kayanga, Bugene, Nkwenda, Kaisho na kule mpakani Murongo, jioni hii nataka tuzungumze juu ya uvimbe usiorudi. Simaanishi mguu ulioteguka shambani ukapona baada ya wiki mbili. Namaanisha ule ulioanza kujaa taratibu kuzunguka kifundo, asubuhi mwepesi na jioni mzito, mpaka ukafika mahali hata asubuhi haupungui. Namaanisha pia mkono wa mama aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, ambao miezi au miaka baadaye unaanza kubanwa na gauni lililokuwa likimtosha. Nyumbani kwetu dawa ya kwanza ya uvimbe wowote ni kukanda: maji ya moto, kitambaa, na mtu mwenye vidole vyenye nguvu. Hoja yangu ni kwamba mkono wa mgonjwa mwenyewe una kazi kubwa katika ugonjwa huu, lakini si kazi ile tunayoupa. Kazi hiyo haitaki nguvu wala maji ya moto, na wala haiji mwanzo. Mwanzo ni sabuni. Nitajaribu kueleza kwa nini nasema hivyo, na nitayajibu maswali ambayo najua mtayauliza, maana ni maswali ya haki.

Tuanze na yanayotokea ndani ya ngozi. Moyo husukuma damu mpaka kwenye mishipa myembamba kuliko unywele, na huko sehemu ya maji ya damu huchuja ikatoka nje kuilisha nyama na ngozi. Maji hayo, pamoja na protini na taka, hukusanywa na mtandao mwingine wa mishipa, mishipa ya limfu, na kurudishwa kwenye damu karibu na mtulinga. Njiani hupita kwenye tezi, zile zile ambazo zikivimba kinenani tunasema mtu ana mitoki, na humo vijidudu hukamatwa. Mtandao huu hauna moyo wa kuusukuma. Mishipa yake mikubwa hujikaza yenyewe kidogo kidogo, ina vilango vya kuzuia maji yasirudi nyuma, na husaidiwa na misuli tunapotembea na kifua tunapovuta pumzi. Ile midogo kabisa huanzia chini tu ya ngozi, na kuta zake zimeshikizwa kwa nyuzi laini. Ngozi ikivutwa kidogo, nyuzi hizo huvuta kuta na maji yakaingia. Shikeni neno hilo, kidogo, kwa sababu tutalirudia tukifika kwenye mikono. Mishipa ikiharibika, au tezi zikiondolewa, maji hubaki pale pale. Siku za mwanzo ukibonyeza ugoko kwa kidole gumba, shimo hubaki. Muda ukipita, protini iliyonaswa humo huleta mafuta na nyuzi ngumu, ngozi ikawa nene, na shimo halipatikani tena. Kuna kipimo kilichoelezwa mwaka 1976 na daktari Robert Stemmer wa Ufaransa, na mtu anaweza kujipima akiwa amekaa mlangoni kwake: jaribu kufinya ngozi ya juu kwenye shina la kidole cha pili cha mguu na kuinyanyua. Isiponyanyuka kabisa, hiyo ni dalili nzito kwamba tatizo ni la limfu. Ikinyanyuka, bado hujajitoa, hasa kama uvimbe ni wa karibuni.

Chanzo ni muhimu kukijua, kwa sababu uvimbe unafanana na vyanzo havifanani. Pwani ya nchi yetu, kuanzia Tanga hadi Lindi na Mtwara, na kule Zanzibar, chanzo kikubwa ni minyoo ya filaria inayosambazwa na mbu. Ndiyo inayoleta matende na mabusha, na ndiyo iliyofanya mpango wa taifa wa kugawa ivermektini na albendazo uanze Mafia mwaka 2000. Huku kwetu, ambako sehemu kubwa ya Karagwe iko juu milimani, ugonjwa huo haukushamiri kama pwani. Lakini majirani zetu wamegundua jambo linalotuhusu. Rwanda walipochunguza nchi nzima mwaka 2017 walikuta ugonjwa uitwao podokoniosi katika wilaya zao zote 30. Uganda, watu wa Kamwenge walipoonekana na miguu iliyovimba, dhana ya kwanza ilikuwa matende ya mbu. Uchunguzi wa mwaka 2015 ukaonyesha kwamba ni podokoniosi. Huu ni ugonjwa wa miguu iliyokanyaga udongo mwekundu wa asili ya volkano kwa miaka mingi bila viatu. Chembe ndogo za udongo hupenya ngozi na kuharibu mishipa ya limfu kwa watu waliozaliwa na mwelekeo huo katika damu ya ukoo. Hauambukizi, na hauna uhusiano wowote na mbu. Sisi tuna Rwanda upande mmoja na Uganda upande mwingine, tunalima kwa jembe la mkono, na wengi wetu tulikua bila viatu. Mhudumu wa zahanati anayemwona mkulima ambaye miguu yake yote miwili imevimba kuanzia vidoleni kwenda juu asiishie kufikiria mbu peke yake.

Kuna vyanzo vingine viwili ambavyo mkoa huu wa Kagera hauna sababu ya kuvisahau. Cha kwanza ni matibabu ya saratani. Mama aliyeondolewa tezi za kwapani pamoja na titi, au aliyepigwa mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi katika hospitali ya Bugando au ya Ocean Road, anarudi nyumbani akiwa na njia pungufu za kupitisha limfu, na uvimbe unaweza kuja muda mrefu baada ya yeye kudhani yamekwisha. Cha pili ni saratani ya Kaposi, ambayo huandamana na virusi vya UKIMWI. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa, mwaka 1983, na tunajua kuliko wengi jinsi ugonjwa ule ulivyotembea majumbani mwetu. Kaposi inaweza kuufanya mguu uvimbe na kukakamaa, mara nyingi ukiwa na mabaka ya zambarau au meusi. Mguu wa namna hiyo hauhitaji kuchuliwa kwanza, unahitaji kipimo cha virusi, dawa za kufubaza, na pengine dawa za saratani. Kila wiki inayopotea kwa kukanda ni wiki ambayo saratani inaendelea.

Sasa tufike kwenye sabuni. Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba zile homa kali, baridi na mguu kuwaka moto, mambo yanayomrudia mgonjwa wa matende mara kwa mara, ni kazi ya minyoo. Daktari Gerusa Dreyer na wenzake wa Recife, Brazil, ndio waliosaidia kulibadilisha wazo hilo. Walionyesha kwamba mengi ya mashambulizi hayo ya homa huletwa na bakteria wa kawaida kabisa, wanaoingia kupitia nyufa za ngozi, na hasa kupitia fangasi wa katikati ya vidole vya miguu. Mguu wenye limfu iliyosimama hauwezi kujitetea vizuri, kwa hiyo bakteria hustawi, na kila shambulio huharibu mishipa mingine michache iliyobaki. Ndiyo maana mguu hauvimbi kwa mwendo mmoja. Hupanda hatua baada ya kila homa. Ukizuia homa, umezuia hatua. Kliniki ya Léogâne nchini Haiti iliipima hoja hiyo bila kukusudia. Katika kipindi cha kwanza, miaka ya 1990, matibabu yalitumia zaidi bandeji za kubana. Baadaye mkazo ukahamia kwenye kuosha, kukausha, kutunza ngozi na kumfundisha mgonjwa ajihudumie. Kwa wagonjwa 175 waliofuatiliwa, mashambulizi yalishuka kutoka 1.56 kwa mtu kwa mwaka hadi 0.48, yaani kutoka karibu mara moja na nusu kila mwaka hadi karibu mara moja katika miaka miwili. Tena katika kile kipindi cha kwanza, waliovaa bandeji ndio walioshambuliwa zaidi. Sababu haifichiki: ukifunga bandeji juu ya ngozi chafu yenye unyevu na fangasi, umewatengenezea bakteria nyumba.

Msikilizaji makini atasema Haiti hapakuwa na kundi la kulinganisha, na huenda watu walipona kwa sababu nyingine. Ni kweli. Lakini Ethiopia walilinganisha. Katika eneo la Gojjam Mashariki, wagonjwa 696 wa podokoniosi waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilianza mara moja kuosha miguu, kupaka mafuta, kufunga bandeji, kufanya mazoezi na kuvaa viatu, jingine lilisubiri mwaka mmoja kabla ya kupewa huduma hiyo hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Waliosubiri walishambuliwa mara 23.9 kwa mtu kwa mwaka, waliojihudumia mara 19.4. Mtu anaweza kuitazama tofauti hiyo akasema ni ndogo. Mimi naitazama kwa macho ya mkulima: ni zaidi ya mara nne kwa mwaka ambazo hukulazwa kitandani wakati maharage yanasubiri kuvunwa. Na wanaosubiri kidonge wajue kwamba kimejaribiwa. India na Mali walipima dawa ya doksisaiklini kwa wagonjwa wa matende, wote wakiwa wamefundishwa usafi wa miguu, na waliomeza dawa hawakuwapita kwa maana yoyote kubwa wale waliomeza kidonge kitupu. Kilichokuwa mikononi mwa makundi yote mawili ni beseni na sabuni.

Je, kuchua kuna nafasi gani basi? Kuchua kwa ajili ya limfu kulibuniwa na Emil Vodder na mkewe Estrid, Wadenmaki waliokuwa wakifanya kazi Ufaransa miaka ya 1930, na Ujerumani ndiko kulikokuja kuunganishwa na bandeji, mazoezi na utunzaji wa ngozi kuwa tiba moja. Kwa hiyo tangu mwanzo wa tiba hiyo kuchua hakukusimama peke yake. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya majaribio sita yaliyohusu wanawake wenye mkono uliovimba baada ya saratani ya titi. Wakakuta kwamba bandeji za kubana peke yake zilipunguza uvimbe kwa asilimia 30 hadi 38 hivi, na kuchua na mtaalamu kukaongeza kama asilimia 7 juu ya hapo, zaidi kwa wale ambao uvimbe wao haujawa mkubwa. Ni nyongeza, na si nyongeza ya kudharau kwa mtu ambaye vidole vyake havifumbiki. Na hao walichuliwa na wataalamu waliosomea, ambao mwanakijiji wa Kyerwa hana. Jaribio lililo karibu zaidi na hali yetu lilifanyika Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2020: watu wenye miguu iliyovimba walifundishwa kuosha na kutunza ngozi kama kawaida, na nusu yao wakaongezewa kupumua kwa kina na kujichua wenyewe. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, mashambulizi yakapungua kwa wote, na lile lililojichua likapata nafuu zaidi kidogo. Ukiusoma ushahidi huo wote bila kuupamba, unapata mpangilio huu huu: ngozi safi huzuia ugonjwa usipande, bandeji na mwendo hupunguza ujazo, na mkono hukamilisha.

Mtu ataniuliza: kama faida ya kujichua ni ndogo hivyo, kwa nini kuisumbukia? Ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba haina gharama, na katika ugonjwa wa maisha yote kitu kisicho na gharama kina uzito wake. Ya pili naiona kubwa zaidi. Anayejichua kila jioni anaugusa mguu wake kila jioni. Vidole vyake vitakutana na ufa mpya kisiginoni kabla macho hayajauona. Vitasikia joto mahali ambapo jana hapakuwa na joto. Vitajua kwamba leo ugoko umekuwa mgumu kuliko wiki iliyopita. Wagonjwa wengi wa ugonjwa huu hufanya kinyume chake, huficha mguu chini ya kanga au suruali pana, hawautazami, na wanapoutazama homa imekwisha kuanza. Mkono unaorudi kwenye mguu ule ule kila siku ni mlinzi, na hata kama usingepunguza hata tone moja la maji ningeupendekeza kwa ajili ya ulinzi huo.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni lile la nguvu zenyewe. Watu wanasema uvimbe mkubwa unataka mikono mikubwa, kwamba kisichouma hakiponyi, na kwamba bibi zetu walikanda kwa maji ya moto na watu wakapona. Bibi zetu walikuwa sahihi kwa mengi. Misuli iliyochoka na mgongo uliokaza hufaidi joto na shinikizo. Lakini limfu si msuli. Nimesema ile mishipa midogo huanzia chini tu ya ngozi na hufunguka ngozi ikivutwa kidogo. Ukikandamiza kwa nguvu, unaiminya ikafunga. Ukisugua, unaichubua ngozi ambayo ndiyo ngome yetu ya mwisho dhidi ya bakteria. Na shinikizo kali huamsha damu nyingi kuja mahali hapo, damu ambayo itachuja maji zaidi kwenye mguu ambao tayari hauwezi kuyaondoa yaliyopo. Maji ya moto hufanya hivyo hivyo, na yana hatari ya ziada: ngozi iliyokuwa nene mara nyingi haihisi vizuri, na mtu anaweza kuungua bila kujua. Hapo ndipo penye ugumu wa kueleweka, maana familia inayomkanda mgonjwa kwa nguvu inafanya hivyo kwa upendo, na kuiambia ipunguze mkono ni kama kuiambia ipunguze huruma. Hapana. Huruma ibaki yote, nguvu ndizo ziondoke.

Kwa hiyo ifanyike hivi. Osha mguu kwa maji ya vuguvugu au ya baridi na sabuni ya kawaida, ile isiyo na manukato makali, kwa kiganja na si kwa brashi wala jiwe. Fungua kila mkunjo, pita katikati ya kila kidole, suuza mpaka maji yatoke safi. Kisha kausha kwa kitambaa laini kwa kugusisha, na katikati ya vidole tumia ncha ya kitambaa, maana unyevu unaobaki hapo ndio chakula cha fangasi. Kama ngozi ya hapo ni nyeupe, imelainika na inabanduka, hao ni fangasi, na dawa ya kupaka ya Whitfield ni rahisi kuipata. Sasa lala au kaa umeegemea, mguu ukiwa umeinuliwa juu ya mto au gunia lililokunjwa. Weka kiganja tumboni na uvute pumzi mpaka tumbo liinuke, toa taratibu, mara tano au zaidi. Pumzi hiyo huvuta limfu ya kifuani na tumboni. Weka vidole bapa juu ya mtulinga, pande zote mbili za shingo, na uivute ngozi kidogo kuelekea chini na katikati, kisha iachie. Nenda kinenani, fanya vivyo hivyo. Baada ya hapo ndipo uanze paja, ukiisogeza ngozi kuelekea kinena, kisha goti, kisha ugoko, kisha unyayo, na kila mara mwelekeo ni juu. Wengi huanza chini kwa sababu ndiko kwenye uvimbe, lakini fikirieni magari yaliyobanana hapa njia panda ya Omurushaka siku ya gulio: kumsukuma wa nyuma hakusaidii mpaka wa mbele aondoke. Kiganja kisiteleze juu ya ngozi, kishike ngozi na kwenda nayo, kwa uzito ule ambao ungempapasa mtoto mchanga aliyelala. Ukiona wekundu, umezidisha. Robo saa inatosha. Mafuta ya kulainisha ngozi yapakwe mwisho, kwa sababu ukiyapaka mwanzo mkono utateleza. Kwa mkono uliovimba baada ya upasuaji wa titi, utaratibu ni huo huo, isipokuwa unaanzia shingoni na kwenye kwapa la upande mzima, ukiielekeza limfu kule ambako tezi bado zipo.

Kazi nyingine ya kila siku ni mwendo. Hapa kuna ushauri wa zamani ambao umewaumiza akina mama: kwamba mkono uliofanyiwa upasuaji usibebe kitu wala usishike jembe. Kwa mwanamke wa Karagwe ushauri huo ni kama kumwambia asile. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya wanawake 141 wenye mkono uliovimba baada ya saratani ya titi, ambao nusu yao walinyanyua uzito mara mbili kwa wiki wakianza na mdogo na kuongeza polepole, wakiwa wamevaa kibano cha mkono. Uvimbe haukuongezeka kwao kuliko kwa wengine, na vipindi vya uvimbe kupamba moto vilikuwa vichache kwao. Funzo lake kwa mkulima ni kurudi shambani kidogo kidogo: leo kupalilia mstari mmoja wa maharage, wiki ijayo miwili, na kuusikiliza mkono jioni. Kuanza kwa kubeba mkungu mzima wa ndizi siku ya kwanza hakufai. Na anayelima kibanja chake kwa miguu iliyovimba avae viatu vilivyofunika mguu wote, vipana, na soksi safi. Kandambili hazizuii udongo.

Sasa maji. Najua milima yetu. Najua kwamba kuna vitongoji ambako dumu la lita 20 hupandishwa kichwani kutoka bondeni, na kiangazi cha Juni hadi Agosti kila kikombe kina hesabu yake. Kumwambia mtu wa huko aoshe mguu kila siku bila kuligusa hilo ni kumdharau. Lakini kazi hii haihitaji dumu. Beseni moja dogo linatosha kwa mguu, kikombe kimoja cha kusuuzia, na maji yaliyobaki humwagwa kwenye mgomba. Ikibidi kuchagua kati ya kuosha mguu mzima mara mbili kwa wiki na kuosha kuanzia kifundo kwenda chini kila siku, chagua la pili, kwa sababu bakteria wengi huingilia vidoleni. Kuhusu muda, mkulima anayerudi saa kumi na mbili amechoka ana haki ya kulalamika. Basi aoshe wakati ule ule anaooga, na kujichua kufanyike akiwa amelala tayari. Asiyeweza kila siku ajichue siku anazoweza, ila kuosha asikuache.

Wapo watakaosema mguu huu si wa beseni wala wa zahanati, umekanyaga kitu kilichotegwa. Siwacheki wanaosema hivyo. Ugonjwa unaomchagua mmoja katika nyumba ya watu wanane wote waliokanyaga udongo mmoja unaalika swali la kwa nini huyu. Nimeeleza kwamba katika podokoniosi jibu liko katika urithi wa ukoo unaokutana na udongo. Yeyote awe na imani yake. Ninachoomba kwa nguvu ni kitu kimoja: mguu usichanjwe chale, usipigwe chuku, usipakwe samadi wala majivu. Kila mchanjo kwenye ngozi hiyo ni mlango, na tumeona mlango mmoja wa katikati ya vidole unavyotosha kuleta homa. Mganga wa kienyeji anayeheshimika akiwaambia wateja wake waoshe kwa sabuni kabla ya kingine chochote, atakuwa amewatendea wema ambao wengi hawajautenda.

Na kuna miguu ambayo haipaswi kuchuliwa kabisa. Mguu mmoja uliovimba ghafla, ndani ya siku moja au mbili, ukiuma kwenye misuli ya nyuma ya ugoko, unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani. Kuusukuma kunaweza kulituma donge hilo mapafuni. Mjamzito anayevimba miguu, uso na mikono huku kichwa kinauma au macho yanaona giza aende hospitali siku ile ile, usiku ule ule. Anayevimba miguu yote miwili na kukosa pumzi akilala chali aangaliwe moyo, na anayeamka uso umejaa aangaliwe figo. Na mguu unaowaka moto, mwekundu, wenye homa, ni mguu ulioshambuliwa na bakteria: usiukande, usiufunge, usiufanyishe mazoezi. Unyanyue, upoze kwa kitambaa cha maji ya baridi, kunywa maji mengi na parasetamo, na uende ukapewe antibayotiki. Homa ikitulia na maumivu yakiisha, ndipo kuchua kurudi.

Atakayetaka kujua kama juhudi zake zinazaa, achukue uzi, aupime mguu mahali pale pale, tuseme upana wa kiganja juu ya kifundo, asubuhi ya siku moja kila wiki, na afunge fundo. Lakini asiutazame uzi peke yake. Aandike pia, au amwambie mtoto wa shule amwandikie ukutani, kila siku aliyopata homa ya mguu. Mguu unaweza usipungue hata fundo moja kwa mwaka mzima, na bado homa zikashuka kutoka sita hadi mbili. Mtu huyo asiambiwe kwamba ameshindwa. Daftari la namna hiyo ndilo ningependa alipeleke zahanati ya kijiji, au hospitali ya Nyakahanga, au ile ya Isingiro kwa watu wa Kyerwa, kwa sababu mhudumu akiliona ataweza kuuliza maswali sahihi. Na zahanati nazo zina deni hapa. Sabuni, dawa ya Whitfield, bandeji za kuvutika na antibayotiki za kawaida si vitu vya hospitali ya rufaa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaopita nyumba hadi nyumba kupima watoto, wanaweza kufundishwa katika asubuhi moja haya niliyoyasema jioni hii, wakiwa na beseni mbele yao na mgonjwa mmoja aliyekubali kuuonyesha mguu wake. Kamati za zahanati zinapokaa kupanga bajeti ya mwaka, jambo hili lina haki ya kuwa na mstari wake, na anayeketi kwenye kamati hiyo akiwa ananisikiliza, naomba alipeleke.